Bunduki Iliyopanda Bei Kila Jumapili

Bunduki ya mdogo wangu ilikuwa inapanda bei kila Jumapili. Ibada ikiisha, watu walikuja kumjulia hali, wakakaa sebuleni kwake, nje kidogo ya Fort Worth, wakala chapati za wifi yangu, na kabla ya kuaga walikuwa wameiongezea bunduki ile dola elfu moja. Jumapili moja ilikuwa elfu saba. Iliyofuata, elfu nane. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuza bunduki, wala aliyekuwa na nia ya kuinunua ile. Walikuwa wanamfariji mgonjwa, na sisi mgonjwa tunamfariji kwa kukisifia alichonacho. Mpaka leo nikizikumbuka zile chapati napandwa na hasira.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori makubwa yanayovuka majimbo. Kiharusi kilimpiga akiwa na miaka arobaini na minne. Kilimshika upande wa kushoto, na yeye ni mashoto tangu utotoni, yule wa kuchapwa darasani ili aandike kwa mkono wa kulia. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Mkono haukurudi. Lori likaenda kwa dereva mwingine, na yeye akabaki nyumbani na televisheni wakati mkewe yuko kazini na watoto wako shule.

Bunduki aliiagiza miaka miwili kabla ya kuugua, alipokuwa amenogewa na kuwinda paa na madereva wenzake. Hakuichukua dukani. Fundi mmoja mzee wa huko mashambani alimpima bega, shingo na urefu wa mkono, kama anayepimwa suti. Akamchongea kitako cha mti mzito wa hudhurungi wenye michirizi, akaweka mpini wa kukokia upande wa kushoto, na kazi nzima ikachukua miezi kumi na minne. Aliponitumia picha nilimwambia amerukwa na akili. Mama alikuwa mgonjwa kitandani kule nyumbani mwaka mzima akisubiri aende kumwona, na yeye anachongesha mti Texas. Kwa hiyo hasira yangu na ile bunduki ilianza zamani, nakiri.

Wifi yangu alinipigia simu mchana mmoja nikiwa kwenye mapumziko ya kazi hospitalini, Houston.

"Wifi, naomba Mungu nisiwe nawaza vibaya," alisema. "Nikirudi kazini namkuta amekaa kitandani, sefu iko wazi, ameiweka mapajani. Anasema anaipangusa. Sasa inapanguswa kila siku?"

"Namba za sefu unazijua?"

"Anazijua yeye tu. Na juzi ameniambia watoto wangepumua vizuri kama wasingekuwa na mzigo. Nikamwambia tuiuze. Hajakataa. Amesema atauza, ila si chini ya elfu tisa. Chini ya hapo tusimsumbue."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, elfu tisa nitaitafuta. Hilo ndilo lililonitoka mdomoni. Mwanamke ananiambia kwamba mume wake amekaa na bunduki mapajani, na mimi nashika bei.

Siku yangu ya mapumziko nilitoka kwangu Pearland, nje kidogo ya Houston, nikaenda kwenye duka moja la bunduki lililo karibu na Sharpstown. Sikuwahi kukanyaga duka la namna ile. Mwenye duka alikuwa mzungu mtu mzima, mpole, miwani imening'inia kifuani. Nilimwekea mezani picha zote alizonitumia wifi pamoja na karatasi ya fundi yenye vipimo. Alisoma taratibu, akaanza kuhesabu. Kwanza alitafuta chuma cha ndani, kile ambacho fundi alianzia, na kumbe chuma hicho ni cha kiwandani, kipo kila mahali. Akaandika bei yake ikiwa kimetumika. Akaongeza mtutu. Akaongeza darubini ya kulengea. Nikawa nasubiri aongeze ile miezi kumi na minne. Badala yake akaanza kutoa.

Mashoto ni wachache, kwa hiyo wanunuzi ni wachache, akatoa. Kitako kimechongwa kwa mtu mrefu mwenye shingo ndefu, mwingine akikiegemeza begani hakimkai, akatoa. Risasi zake si za kila duka, akatoa tena. Akapigia mstari elfu mbili na mia mbili.

"Ametumia zaidi ya elfu saba kuitengeneza," nilisema.

"Naamini," alijibu. "Lakini alilipia iwe yake. Mnunuzi hatalipia hilo." Kisha akanipa ushauri ambao aliuona ni wa kunisaidia: niifungue, niuze darubini peke yake na mtutu peke yake, kitako nikitupe. Vipande vingeleta fedha kuliko bunduki nzima.

Damu ilinichemka. Nilijua kabisa kwamba mzee yule hana kosa, anafanya kazi yake, lakini nilimsikia kama anayemzungumzia mdogo wangu mwenyewe: mrefu mno, mashoto, hamfai mtu mwingine, mfungueni muone kipi kinauzika. Nikamwomba aniandikie karatasi ya elfu tisa. Akaweka kalamu chini.

"Siwezi kuweka saini yangu kwenye uongo, mama. Nani anahitaji kuiamini hiyo karatasi?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa ameuliza vizuri, na pengine katika wote niliozungumza nao wiki zile ni yeye peke yake aliyeuliza la maana. Nilikusanya picha zangu nikatoka bila kumshukuru.

Garini nikaamua. Nilikuwa na akiba ya kukarabati jiko. Jiko lingesubiri. Ningejifanya nimepata mnunuzi, ningelipa elfu tisa mwenyewe, bunduki ingetoka ndani ya ile nyumba, na mdogo wangu asingejua kitu. Nilijiona mjanja sana. Nikampigia papo hapo.

"Nimekupatia mtu Houston. Elfu tisa, taslimu."

Nilisikia televisheni kwa nyuma.

"Mwambie kumi na mbili," alisema.

"Kumi na mbili tangu lini?"

"Jumapili kuna jamaa alikuwepo, amesema hizi za mkono, tena za left-handed, ni rare sana. Soko lake liko juu, dada."

Niliendesha gari kwenda kwake Jumapili iliyofuata, saa nne na nusu za barabara kuu, na njia nzima nilikuwa nawatukana wageni wale kwa sauti. Watu wazima, wengine wana shahada mbili, wanamvika mgonjwa kilemba cha ukoka halafu wanarudi makwao kulala usingizi. Kila elfu waliyoongeza ilikuwa kufuli jingine kwenye ile sefu, kwa upande wa ndani.

Nilipofika sebule ilikuwa imejaa. Mdogo wangu amekaa kwenye kiti chake, mkono umelala kwenye mto, na bunduki iko juu ya meza ya kahawa kati ya vikombe vya chai. Ilitolewa kila Jumapili kama mtoto mchanga anayetolewa kuonyeshwa wageni. Pembeni yake alikaa Mkenya mmoja, dereva mwenzake wa zamani, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kwaya. Alikuwa anapapasa kitako.

"Hii ni kitu ya maana, bro," alikuwa anasema. "Mimi siwezi kukudanganya. Custom namna hii, hata fifteen mtu analipa. Usikubali wakuonee."

"Basi nunua," nilisema.

Alicheka kidogo, akadhani natania.

"Nasema nunua. Leo. Kumi na tano ni nyingi, mimi nakupa kwa kumi. Una simu, tuma sasa hivi niione imeingia."

"Sister, mimi nilikuwa tu nasema…"

"Najua ulikuwa unasema tu. Wote humu mnasema tu. Wiki tatu mnasema tu. Nani mwingine anataka? Elfu tano? Elfu tatu?" Nikawageukia mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa anasoma kikombe chake. Wifi yangu alisimama mlangoni mwa jiko na sinia mkononi, hakunizuia. Niliwaambia duka limesema elfu mbili na mia mbili, na kwamba kama hawana cha kutoa ila sifa, chapati zimeisha.

Waliondoka kwa adabu, kila mmoja akimshika mdogo wangu bega kabla ya kutoka. Nilifukuza wageni kwenye nyumba ya mgonjwa. Mama angekuwepo angenitandika, na umri wangu huu.

"Umenidhalilisha," mdogo wangu alisema tulipobaki watatu.

"Nimekwambia bei."

"Bei naijua." Hakunitazama. "Nilimpigia fundi mwenyewe, zamani, nilipotoka tu hospitali. Aliniambia mbili na kidogo."

Nikamwelewa. Alijua tangu mwanzo. Elfu tisa aliisema kwa sababu hakuna atakayeifikia, na aliposikia nimeifikia akaruka hadi kumi na mbili, na ningefika huko angetafuta nyingine. Hakuwa anauza. Alikuwa anatuweka mbali, na sisi wote, wageni kwa sifa zao na mimi kwa akiba yangu ya jiko, tulimsaidia.

Mimi ni muuguzi. Kila mgonjwa anayelazwa kwenye wodi yangu namuuliza maswali yaleyale, na mojawapo ni kama amekuwa akifikiria kujiua. Nimewauliza wazee, nimewauliza vijana, nimemuuliza mchungaji mmoja mbele ya mkewe. Sijawahi kuona haya, kwa sababu liko kwenye fomu na nalisoma kwa Kiingereza. Mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni, sikuwa nimemuuliza. Hasira yote niliyokuwa nimewatupia watu na chapati zao ikanigeukia mimi, na ilikuwa halali yangu.

Nilikaa chini kwenye zulia mbele ya kiti chake. Lile swali sikuwahi kulitamka kwa Kiswahili. Katika lugha yetu halina nguo, liko uchi, na nililisema hivyohivyo bila kumung'unya maneno.

"Unafikiria kujiua?"

Wifi aliliweka sinia chini. Mdogo wangu aliutazama mkono wake kwenye mto.

"Si kila siku," alisema.

Wifi yangu akaanza kulia na mimi nikamwacha alie. Nilimwomba mdogo wangu namba za sefu, maana ndani yake kulikuwa na risasi. Alizitaja zote sita mfululizo, bila kusita, kama mtu aliyechoka kuzibeba, kisha akaegemeza kichwa na kufumba macho.

Sijui kushika bunduki. Nilitoka nje kutafuta wa kunisaidia na kumkuta yule Mkenya bado yumo garini mwake mbele ya nyumba, mikono kwenye usukani, hajawasha gari. Nikamweleza kwa maneno machache. Alishuka, akaingia, akaikagua bunduki, akaichukua aende kuihifadhi kwake, risasi akazibeba kwenye mfuko tofauti. Kwake alikuwa na sefu na hakuwa na mgonjwa.

"Sikujua, sister," aliniambia pale nje. "Nilidhani nampa moyo."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikakuta sina haki. Mimi nilikuwa nimekuja na elfu tisa. Nilimwambia arudi Jumapili, aje mikono mitupu, na akifika amuulize mdogo wangu analala vipi, kisha anyamaze asikilize jibu. Sikumwomba radhi. Niliona tumekuwa sawa.

Wifi alipiga simu ile ya dharura ya watu wanaofikiria kujiua na jamaa zao, na wahudumu wakakaa naye kwenye simu karibu saa nzima. Kazini niliomba ruhusa. Jumatatu asubuhi tulikuwa tumeketi kliniki, mdogo wangu katikati, mimi na wifi kila upande. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka kidogo. Alifungua kompyuta, akapitia dawa, akapitia mguu, akapitia usingizi. Halafu akafika kwenye lile swali na kulisoma kama ninavyolisoma mimi, macho kwenye kioo cha kompyuta, kidole tayari kubonyeza hapana.

Mdogo wangu anazungumza Kiingereza kizuri kuliko changu. Amebishana na polisi wa barabarani katika majimbo yote ya kusini na kushinda. Safari hii alinigeukia mimi.

"Mwambie wewe, dada," alisema. "Mimi kwa Kiingereza siwezi."

Nikamwomba daktari aiache kompyuta kwanza. Alipoinua macho nikamwambia.