Phanice wa Sauti ya Chini

Ukitaka kumjua Phanice, anza na mamake. Linah wa Myanga, kiongozi wa kwaya, akiguswa na wimbo kanisani hupiga vigelegele hadi ng'ombe wa jirani wageuze shingo. Phanice alilelewa ndani ya kelele hiyo, na tangu utotoni ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, tena kwa koo lote.

Kisha akapata kazi Kitale, kwenye duka la vitambaa la kina Gagandeep. Mvua ikinyesha, nani ataenda kununua kitambaa, bana? Basi Gagandeep akawa anatoa kinanda cha nyanyake Dayawanti, kile cha kupepea hewa kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine, anakipiga polepole. Phanice naye, huku akikunja vitambaa, akaanza kuimba chini kwa chini, maneno machache, mengine pumzi tu. Wee! Sauti hizo mbili zilipokutana, mwili wote ulimsisimka. Wakaanza kutunga zao, nyimbo za ukungu wa Mlima Elgon na mahindi mabichi, na Phanice hakutaka tena kuimba namna nyingine.

Mamake alipousikia mmoja kwenye simu alicheka. "Sasa huu ni wimbo ama ni mtu ana homa?"

Wakabishana, mwishowe wakapatana. Mama angeenda Kibabii, kwenye tamasha walikoalikwa kuimba, awasikie. Akiguswa, atamwacha aimbe atakavyo. Asipoguswa, Phanice atarudi kwaya kila Jumapili, na hadithi ya kinanda iishie hapo.

Siku ikafika. Phanice alikuwa na furaha na woga vikigombania kifua kimoja. Mama aliketi safu ya mbele na kitenge kipya. Wakaanza, na Phanice akawa anangoja kigelegele. Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mama hata kichwa hakutikisa. Kwisha mimi, Phanice akawaza. Lakini kwa vile ilikuwa mara ya mwisho, si afadhali aifaidi? Akaimba kwa raha kuliko siku zote.

Mwishoni sauti yake ilishuka, ikafifia. Gagandeep akainua vidole, ikabaki pumzi ya kinanda tu ikitoka taratibu. Watu wakadhani wamemaliza, wakaanza kupiga makofi.

Linah aligeuka nyuma, mkono juu, mashavu yamelowa.

"Nyamazeni," akasema kwa sauti ya chini. "Haijaisha."