Taa Zilizoijua Sauti ya Baba

Baba alikwenda kwa fundi kubadilisha balbu ya taa ya nyuma. Alirudi na gari linalowaka zambarau tumboni.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeanza kulegea. Nilikuwa nimetoka kwangu Kware kuja kuwaona wazazi Makadara, kwenye nyumba ileile waliyohamia Baba alipoajiriwa na reli. Mimi na Mama tulikuwa mlangoni tukichambua kunde, tukaliona gari linaingia polepole kwenye ploti, na ardhi chini yake imegeuka rangi ya kitambaa cha Kwaresima.

Mama akasimama na kunde zake mkononi. "Gari linaungua."

Halikuwa linaungua. Baba alishuka, akafunga mlango taratibu kama kawaida yake, akatusalimu. Huyo ni mtu wa maneno machache. Miaka yote ya ofisini alisema sentensi fupi, na alipostaafu akaona hata hizo zilikuwa nyingi mno. Mahali pekee alipoachilia sauti ni kwaya ya kanisa, upande wa besi, na huko alikuwa akiimba mpaka madirisha yanatetemeka.

"Ni nini hiyo?" Mama akauliza.

"Fundi ameniwekea taa. Amesema zinasikia."

"Zinasikia nini?"

Badala ya kujibu, Baba alizunguka akasimama mbele ya boneti. Fundi alikuwa amebandika mkanda wa taa chini ya milango yote, akauunganisha na kisanduku kidogo kilichofungwa nyuma ya gridi ya mbele. Baba akakohoa kidogo, akashusha sauti moja nzito kutoka tumboni: "Mmmmm." Gari likawaka lote kwa chini, zambarau ikageuka kijani, kijani ikageuka buluu. Akanyamaza. Gari nalo likazima. Alitugeukia na uso ambao sijawahi kuuona kwake, uso wa mtu aliyebisha hodi miaka na leo amekaribishwa.

Mama akaziweka kunde chini. "Kwa hivyo ulitoka hapa kutafuta balbu."

"Balbu pia ameweka," Baba akasema.

Tangu siku hiyo akawa anaamka, anavaa koti, anakwenda kulisalimu gari kabla ya chai. Majirani walipita wakienda kazini wakimkuta mzee amesimama mbele ya gari, mikono nyuma, ananguruma. Hakuna aliyeuliza. Mama alinipigia simu akaniambia, "Ameongea na hiyo gari wiki moja zaidi kuliko alivyoongea na mimi tangu astaafu."

Mambo yangeishia hapo kama Baba asingeliegesha gari uani mwa kanisa siku ya mazoezi. Mwalimu wa kwaya, mama mmoja mkali aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote, aliona jinsi gari linavyomwitikia Baba, akaamuru besi wote wasimame mbele ya boneti mmoja mmoja. Wengi walifaulu, gari likawawakia. Mmoja, mtu mnene mwenye kifua kipana tuliyemwona mhimili wa safu ya nyuma, aliimba hadi mishipa ya shingo ikasimama, na gari likabaki giza. Mwalimu akamwambia arudie. Giza. Ndipo yule bwana akakiri, mbele ya watu wote, kwamba tangu ajiunge amekuwa akichezesha midomo tu, kwa sababu alipenda joho.

Ikaja zamu ya akina mama. Mama yangu ndiye kiongozi wa soprano. Alijiweka sawa, akapandisha noti ya juu kabisa, njiwa wakaruka kutoka kwenye mabati. Gari halikusema kitu. Akapandisha tena. Kimya. Mwalimu akaandika jambo fulani kwenye ubao. Mama akaenda kuketi kwenye benchi, akafunga mkoba wake kwa sauti.

Wiki hiyo kamati ya kwaya ilikutana, na ajenda ilikuwa moja: gari. Soprano walisema lina ubaguzi. Alto walisema wao hata hawakujaribiwa. Mchungaji aliombwa atoe neno, akasema Mungu hutazama moyo, lakini akaongeza kwamba gari si Mungu, na ingefaa lirekebishwe. Basi Jumamosi iliyofuata tuliondoka watatu kwenda kwa fundi: Baba kwenye usukani, Mama kando yake amevaa kitenge cha kanisa, na mimi nyuma, kwa kuwa Mama alitaka shahidi.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Mathe, hii kitu haina ubaya na mtu. Niliiset kwa beiz, sauti nzito, ju mzee anaongea chini."

Akafungua kile kisanduku, akageuza skrubu ndogo kwa ncha ya bisibisi. "Haya, imba."

Mama akaimba papo hapo, katikati ya matairi na injini zilizoning'inia. Gari likalipuka kwa nyeupe na waridi. Mafundi wote wakaacha kazi, wakapiga makofi. Kisha Baba akasogea, akanguruma. Giza. Akanguruma tena, akiinama karibu na gridi kama mtu anayesema na kiziwi.

"Haishiki zote mbili, mzee," fundi akasema. "Ni ama huku, ama huku."

Baba aliitazama ile skrubu.

"Wacha hapo hapo," Mama akasema.

Tulirudi kwa Jogoo Road. Karibu na makutano, askari wa trafiki alipuliza filimbi kusimamisha magari, na gari letu likamjibu kwa nyeupe na waridi. Askari akageuka. Akapuliza tena. Likajibu tena. Akaja moja kwa moja kwenye dirisha la Baba.

"Mzee, unanijibu?"

"Si mimi, afande. Ni gari."

"Gari linanijibu mimi?"

"Linasikia sauti nyembamba."

Askari akavimba. "Sauti yangu ni nyembamba?"

"Filimbi, afande," mimi nikadakia kutoka nyuma.

Hakuamini. Akapuliza fupi, taa zikawaka fupi. Akapuliza ndefu, zikawaka ndefu. Huko nyuma madereva walishindwa kuelewa amri hizo. Wengine waliondoka, wengine wakasimama, na makutano yakafungana. Mama akashuka aeleze. Maneno yalipomwishia, akaimba pale kando ya barabara. Askari alisikiliza ubeti mzima, kofia mkononi, kisha akakumbuka kazi yake.

"Taa za rangi haziruhusiwi. Toeni. Sasa hivi."

Baba alivua koti. Mama akamtandikia leso chini, naye akalala chali akaanza kuung'oa mkanda. Madereva waliokuwa wamechoka kungoja wakapiga honi, na kila honi ikaziwasha taa, hivyo Baba akawa anazing'oa huku zinasherehekea. Askari akapuliza filimbi kuzinyamazisha honi. Taa zikazidi kuwaka.

Mwishowe waya ukakatika. Tukaendelea na safari, Mama amepakata mkanda ule kama mtoto aliyelala. Tulipopita mahakamani, Baba akasema, macho yakiwa barabarani, "Ile noti ya juu kabisa, uliivuta vizuri."

Mama aliangalia nje. Sikuwahi kumsikia Baba akisifu uimbaji wake.

"Ya pili nilichelewa kidogo," akasema.

"Hukuchelewa."

"Nilichelewa. Honi ilinitoa."

"Honi ilikuja baadaye."

Walibishana hivyo hadi nyumbani, wakabaki ndani ya gari lililozimwa, vioo vimepandishwa, kila mmoja akimwimbia mwenzake palipokosewa. Nilisonga ugali peke yangu.