Mshale wa Boksi

Uvumilivu wangu uliishia dukani kwa fundi wa sare, pale Buzuruga, aliponiambia, "Mama, sketi haina kosa. Mwanao ndiye anatembea upande."

Sketi imefuliwa mara moja tu, mshono wa ubavuni ukahamia tumboni. Mwalimu wa zamu akamtoa mwanangu mbele ya paredi, akamwita mchafu, darasa la pili zima likacheka. Halafu huyu naye ananiletea utani! Hakujua anasema na mjukuu wa nani.

Maana mimi, ndugu yangu, nimekulia miguuni pa cherehani. Miaka ya tisini, mambo yalipokuwa ruksa na mitumba ikafurika Mwanza, bibi alifungua robota la nguo za watoto akakuta pateni ya gauni, vielelezo vya kukatia kitambaa: karatasi laini kama ganda la kitunguu, zimejaa mishale, pembetatu na maandishi ya lugha ambayo mtaa mzima hakuna aliyeijua. Jirani alizitaka za kufungia maandazi. Bibi akamjibu, "Na hilo andazi utalivaa?"

Tukaanza kuzisoma, mimi na yeye, nyumba ikinuka mapanki ya sangara ya kukaanga. Tulikosea hasa. Alama ya kukunja kitambaa tuliidhania ya kukata, mgongo wa gauni ukatoka vipande viwili. Bibi akautia zipu, na wanakwaya wakaja kuagiza "lile la zipu." Pembetatu tulizikatilia mbali tukidhani mapambo, mpaka siku bibi alipopiga paja: "Kumbe hawa ni mapacha! Huyu wa kwenye mkono anamtafuta mwenzake wa begani."

Mshale ndio uliotutesa. Gauni langu la Krismasi lilijipinda kama kamba ya katani. Bibi akalifumua, akachomoa uzi mmoja wa urefu wa kitambaa, akaulaza juu ya mshale. Vikaenda sambamba: kumbe mshale ulikuwa unaonyesha uzi wa kitambaa uelekee wapi. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna mtoto kazaliwa. Akakata upya, na Krismasi ile niliingia kanisani nimenyooka kama mwanzi. Tangu hapo neno lake likawa hilo: "Ukikata kinyume na uzi, nguo itakusema mbele za watu."

Bibi hayupo tena. Zile karatasi zililiwa na mende, na cherehani limebaki miguu tu, tumeifanya stuli ya ndoo. Lakini ule mshale ninao.

Basi nikamwambia fundi, "Lete pateni yako." Akaileta, kaikata kwenye boksi gumu.

"Mshale wa kulazia kitambaa uko wapi?"

"Si huo hapo, mkubwa wote huo?"

Nikautazama. Mwekundu, umepigwa chapa kiwandani, umekaa mshazari, pembeni yake picha ya glasi na neno "biskuti".

"Fundi! Huu ni mshale wa boksi. Unasema biskuti zisimame!"

Wateja waliangua kicheko. Mama mmoja akageuza sketi ya mwanawe papo hapo, akaanza kuutafuta mshono.

Kesho yake nilipeleka barua ya malalamiko kwa kamati ya shule, sketi nimeibana juu yake kwa pini:

"Mimi mzazi nalalamika rasmi kwamba sare ya mwanangu ilikatwa kwa maelekezo ya boksi la biskuti. Naomba fundi aishone upya bila malipo, na mwalimu wa zamu amwombe radhi mtoto, mbele ya paredi ileile. Mwanangu hatembei upande."