Likembe ya baba na do-re-mi ya masomo

Siye tuliokulia Bunia wakati ya vita, utoto wetu tunaujua. Mupira ilikuwa ya matambara. Masasi ikilia tunalala chini, ikinyamaza tunaendelea kucheza. Watoto wa leo, kura ya umeme ikikatika kidogo tu wanalilia telefone.

Kwetu kulikuwa likembe ya baba, kale kasanduku ka vyuma ka kupiga na vidole gumba. Vyuma vyake alivipanga kufuata sauti ya mama, hapana mutu mwingine. Siku moja nikaipeleka ku masomo. Mwalimu wa kuimba, mutu wa do-re-mi yenye wazungu waliacha, akaigusa, akakunja uso. Akasema: "Hii inaimba mubaya. Tuko mu masomo, hatuko mu pori." Akakamata tupa, akasugua vile vyuma mpaka vikaimba do-re-mi. Kalasi yote ikapiga makofi.

Baba akasema atavibadilisha akirudi safari. Hakurudi. Walimuuwa ku barabara ya Djugu.

Tukakimbilia mu kambi, karibu na uwanja wa ndege. Kwetu mujane anamulilia bwana yake na likembe ya huyo bwana, ndiyo matanga inaisha. Mama akaanza kuimba, mimi nikapiga. Sauti hazikukutana. Akajaribu tena, akaweka mukono juu ya vyuma.

"Acha, mwanangu. Huyu hapana baba yako."

Basi mimi, mwenye sikumaliza hata primaire, nikavunja mwavuli ya shangazi. Alinitukana, na angali ananitukana. Nikapondaponda vyuma vya mwavuli, nikavifunga ku likembe, mama akiimba, mimi nikisukuma kimoja kimoja mpaka kikakutana na sauti yake. Ndipo akalia muzuri. Mutu asinitishe na diplome.

Leo hapa Bunia hakuna mwenye baffle, zile spika za muziki, kubwa kama zangu. Juzi nilizipeleka mu sale moja ya mukutano, profesa mwanamuke akasema wakoloni walienda lakini masikio yao walituachia mu masomo, na kumwambia mutoto kwamba muziki ya kwao ni mubaya ni kumunyanganya haki yake. Hasira ikanipanda. Kwa sababu juma ile ile binti yangu alikuwa amepeleka likembe ileile ku masomo. Mwalimu akaweka telefone karibu, ile yenye kupima sauti, akamwambia airudishe itengenezwe, bila vile hataingia mu kwaya.

Binti ananiomba nisogeze vyuma. Nimekataa, hanisemeshi. Mama angali anaimba nayo.

Zamani walitukata na tupa, tukaona unga ya chuma ikianguka chini. Siku hizi hakuna kitu kinaanguka. Mutoto anarudi tu nyumbani kimya.