Kanda za Kaseti Kwenye Mipera

Jumamosi moja nilikuwa katika duka la mbegu na dawa za kunyunyizia mimea huko Kayole, nikingoja mbegu za sukuma wiki, mzee mmoja alipoingia na tawi la mpera. Alililaza juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa. Majani yalikuwa yametobolewa kila mahali, na viwavi wawili walikuwa bado wanakula.

"Mama, nipe dawa kali," alimwambia mwenye duka. "Mipera yangu yote mitatu inaisha hivi."

Mama aliinama akawatazama wale viwavi. "Kwani ndege hawaji kwako, mzee?"

"Walikuwa wanakuja kudonoa mapera. Nikatundika kanda za kaseti kwa matawi, upepo ukivuma zinalia. Wakahama wote."

"Basi uliwafukuza waliokuwa wakiwala hawa. Ndege mwenye makinda hubeba viwavi kutwa nzima. Toa kanda kwanza. Dawa utaipata hapa ukishindwa."

Mzee alinigeukia, kana kwamba mimi ndiye mwamuzi. "Kwa hivyo lile pera analodonoa ni mshahara?"

"Na ni mdogo," mama akajibu.

Mwezi uliofuata nilikutana na yule mzee Donholm. "Wamerudi," alisema kabla hata ya salamu. "Leo nimekaa kwa stuli asubuhi yote nikiwatazama. Majani mapya yameanza kutoka."

Tangu hapo, kabla sijamfukuza mtu mlangoni kwangu, huuliza kwanza anafanya kazi gani.