Likizo ya Mama huko Kolorado

Kila Jumatatu asubuhi, dada anayesafisha ofisi yetu hapa Voi humimina kwenye ndoo dawa ya kijani yenye harufu ya msonobari, na kila Jumatatu mimi hutoka nje. Wenzangu wanadhani nina pumu. Nimewaacha na dhana yao, maana ni rahisi kuliko kuwaeleza kwamba harufu ile kwangu ni ya Kolorado, Marekani, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Aliyekanyaga ni mama yangu. Mimi nilimrudisha tu kutoka huko, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa na miaka minane. Leo nimeamua kuwaambia ninyi, kwa sababu hamnijui na hatutakutana kwenye foleni ya benki.

Wakati huo tuliishi Jeddah, mtaa wa kale wa Balad, mimi na Mama Mkubwa Halima, dada yake mama. Chumba chetu kilikuwa juu kabisa katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyoegemea nyumba ya jirani kama mlevi. Mama Mkubwa aliingia nchini kwa viza ya umra, mimi nikiandikwa kama binti yake, na viza ilipokwisha tukabaki. Alifua nguo za watu na kukaanga mahamri ya kuwauzia wachukuzi wa sokoni. Mama alikuwa mbali, Riyadh, mtaa wa Suwaidi, akifanya kazi na kulala katika nyumba ya watu wenye watoto wanne wadogo na kijana mmoja mkubwa aliyekuwa akisoma Marekani. Jina lake ni Mkamburi, jina la kwetu Taita, lakini lilikuwa zito midomoni mwao, wakamwita Mariam.

Sasa sikilizeni lililotufunga. Wakala wa Nairobi aliyempeleka mama alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba hana mtoto. Madam wengi hawakutaka mfanyakazi mwenye mawazo ya nyumbani, na huyu wa Suwaidi alitaka asiye na mtoto kabisa. Kwa hiyo, kwenye karatasi, mama hakuwa na mtoto, na mimi nilikuwa na mama mwingine. Mama Mkubwa alinieleza kwamba madam akijua, mama atafukuzwa siku hiyohiyo na sisi wawili tutakamatwa. Alinieleza mara nyingi, akinishika sikio ili nisisahau.

Shule zilipofungwa, familia ile ilikuja Jeddah kupunga upepo. Alasiri walitandika mikeka Kornishi, kando ya bahari, na mama akawamiminia kahawa na kukimbizana na watoto. Mimi na Mama Mkubwa tulipita pale kama watu wa nchi moja waliokutana kwa bahati. Nilitakiwa kumwita mama "khala", yaani mama mdogo kwa Kiarabu. Nilifanya mazoezi ngazini, khala, khala, mpaka neno likanikaa mdomoni. Mama alinipa kipande cha tikiti maji akaniuliza, "Hujambo, mtoto mzuri? Unaitwa nani?" Nilimtajia jina langu, na yeye akasema ni jina zuri. Nilikuwa hodari sana wa mchezo ule. Madam mwenyewe, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla, alinitazama muda mrefu kisha akanipa sharubati.

Mwaka huo wakasema wanakwenda Kolorado kumtembelea kijana wao, majuma sita, na Mariam lazima aende, nani angewashika watoto? Wakapitia Jeddah, wakafanya umra, wakapanda ndege. Nilinuna siku mbili. Niliona mama anakwenda kustarehe na kuniacha mimi na beseni za nguo.

Kila baada ya siku mbili tatu alitutumia sauti na picha kwenye simu ya Mama Mkubwa. Nilizisikiliza nimekaa dirishani, chini wachukuzi wakipiga kelele wapishwe na mikokoteni. Mama alikuwa na namna yake ya kusimulia, polepole, akisimama kuvuta pumzi kama anayepanda kilima. Alisema huko kuna milima ambayo ukiiweka milima yetu ya Taita mbele yake itaonekana matuta ya viazi. Walipanda mlima mmoja kwa gari mpaka kileleni, madam akashikwa na kizunguzungu na kutapika kwa wembamba wa hewa, na mama, aliyezaliwa kwenye ukungu wa Wundanyi, akamshika paji la uso na kumwimbia. Walipanda treni ya makaa ya mawe iliyokuwa ikipita ukingoni mwa genge, masizi yakamwingia machoni. Walikwenda kwenye mabwawa ya maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe, familia nzima ikaogelea na nguo zao, mama akakaa ukingoni na taulo saba mapajani.

Halafu, mtacheka, wakaenda kutazama mchanga. Watu waliotoka Riyadh, wakapanda ndege mbili na kuendesha gari siku nzima, walikwenda kutazama matuta ya mchanga. Baba wa familia ile alivua viatu akajiviringisha kutoka juu mpaka chini huku akisema wallahi hapa ni kwetu kabisa, na alipofika chini akalia kidogo. Mama alisema hakujua kama baba yule anaweza kulia.

Katika picha zote zile mama hakuwemo. Yeye ndiye aliyepiga. Kuna moja tu, ya mchangani, yenye kivuli chake kirefu, na mgongoni mwa kivuli kuna mfuko mkubwa. Niliuliza ule mfuko ni wa nini. Mama akajibu kwamba ni mfuko wa kashta, na kashta ndivyo wanavyoita kutoka nje na mikeka na chupa za kahawa, kukaa chini na kula. Familia ile haikuacha kashta hata Marekani. Walipiga hema katikati ya misonobari na mama akapika wali wa kondoo na iliki, harufu ikajaa msitu, hadi askari wa mbuga akaja mbio kuwaambia vyakula vyote vifungiwe kwenye sanduku la chuma, kwa sababu ya dubu. Kuanzia siku ile mama alilala na watoto hemani akisikiliza dubu, na baba na madam wakalala hotelini.

Katika mfuko ule, pamoja na tende na chupa za kahawa, zilikuwamo pasi za kusafiria. Nyumbani Riyadh, baba alikuwa ameifungia pasi ya mama kabatini kwa miaka mitatu, ufunguo shingoni mwake. Lakini kule aliogopa polisi wangewasimamisha njiani bila vitambulisho, akasema pasi zote zitembee pamoja nao. Na kwa kuwa yeye na madam hawakuwa watu wa kubeba mizigo, mfuko ulibebwa na aliyebeba mfuko siku zote. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Jioni moja, mara tu baada ya magharibi, nilimsikia Mama Mkubwa akiongea na simu nyuma ya pazia lililokigawa chumba chetu. Alikuwa akinong'ona, na mnong'ono wa Mama Mkubwa ulisikika mpaka ngazini.

"Mkamburi, nisikize. Pasi unayo mkononi? Na huyo Rozi ana gari? Sasa unataka Mungu akufanyie nini tena, ashuke akufungulie mlango? Baki huko! Usirudi huku. Huku mafi, hakuna kitu, halas."

Akasikiliza jibu. Kisha akasema, "Mtoto nitamlea mimi. Kwani si wangu kwenye karatasi?"

Huyo Rozi nilikuja kuelezwa habari zake baadaye. Alikuwa Mkenya, mtu wa Nakuru, akisafisha vyumba katika hoteli ya mji mdogo ulio chini ya mbuga ile. Alimwona mama na mfuko wake, akamsalimia kwa Kiswahili, na katika siku tatu akawa amepanga kila kitu: binamu yake mjini Denver, kanisa litakalompokea hata kama ni Mwislamu, mtu wa kumsaidia karatasi. Lakini jioni ile sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba mama mmoja anataka kunichukua na mwingine anataka kuniacha.

Mama Mkubwa alishuka kupeleka nguo za watu. Simu ilikuwa inachajiwa juu ya ndoo. Nilijua kuitumia kuliko yeye. Nilibonyeza pale pa sauti nikasema, na maneno yenyewe ninayakumbuka yote, bado ninayo tumboni:

"Mama, usiporudi nitamngoja madam Kornishi. Akija nitamwambia wewe ni mama yangu. Nitamwambia mbele ya watoto wake. Wallahi nitamwambia."

Huko kwao ilikuwa asubuhi. Jibu lilikuja haraka, sauti ya nusu dakika hivi, kelele tupu za upepo na magari, na katikati sauti ya mama: "Nimekusikia, mwanangu. Nakuja." Nikaruka kitandani kwa furaha. Mama Mkubwa aliporudi sikumwambia kitu, na mama naye hakunisemea kamwe, ila wiki iliyofuata Mama Mkubwa alikanda unga kwa hasira ambayo sijawahi kuiona tena.

Walirudi mwishoni mwa likizo. Kornishi ilikuwa na joto la kunyonga, na mama alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa hewa kavu ya milimani. Akanipa tunda la msonobari alilolifunga kwenye karatasi ya mkate, kavu, lenye magamba, likinuka msitu mzima. Mimi nilikuwa nimepanga adhabu yangu siku nyingi. Nilimtazama machoni, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu mkekani, "Shukran, khala." Hakuna aliyenilazimisha, madam alikuwa amegeuka anaongea na simu. Mama akatabasamu akasema, "Karibu, mtoto mzuri."

Nilimwona mara mbili tu baada ya hapo. Msimu wa baridi wa mwaka uliofuata alifariki kwenye chumba chake kidogo kando ya jiko, pale Suwaidi, asubuhi ambayo hakuamka kuwaandalia watoto wa shule. Karatasi ilisema moyo umesimama. Mama Mkubwa alisema moyo wa nani hausimami akifa, wanatuandikia nini? Mama alikuwa na miaka thelathini na mbili. Hatukuweza kwenda Riyadh, kwa kuwa njiani kuna vizuizi na sisi hatukuwa na ikama, kibali cha kuishi nchini, na hata tungefika, mimi ningesema ni nani? Babu alipigiwa simu Wundanyi akakubali azikwe hukohuko. Kaburi lake sijaliona. Nimeambiwa halina jina, ni jiwe tu.

Baada ya mwezi, dereva wa familia ile, Mkenya wa Kisumu, alipanda ngazi zetu akihema na begi la mama. Alisimama mlangoni akanitazama mimi, si Mama Mkubwa.

"Madam amesema nimpatie binti ya Mariam," alisema. "Akasema pole sana."

Mama Mkubwa alikaa chini sakafuni. Madam alijua. Alijua tangu lini, sijui, pengine tangu sharubati ile ya kwanza, maana watu wote husema nimechukua uso wa mama kama ulivyo. Alijua na akanyamaza. Kitisho changu hakikuwa na kitu ndani yake, na mama alikuwa amevuka bahari kurudi kukizima. Nina hasira na madam mpaka leo kwa kunyamaza kwake, ingawa najua kunyamaza kule ndiko kulikotuweka mjini.

Serikali ilipotangaza msamaha kwa waliopitisha muda wa viza tulipanga foleni tukarudi nyumbani. Ndani ya begi kulikuwa na simu ya mama, imezima. Iliwekwa kwenye mkebe wa biskuti wa Mama Mkubwa miaka kumi. Mwaka jana, baada ya kumzika Mama Mkubwa, fundi mmoja wa hapa Voi aliifufua akaniwekea kila kilichokuwamo kwenye simu yangu. Nilikuta sauti ile ya nusu dakika. Nilivaa spika za masikioni, nikakaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi, nikaifungua.

Zile kelele si kelele. Kuna upepo kwenye majani ya misonobari, kwa kweli unasikika. Kuna gari linalonguruma likiwa limesimama. Mama anasema, "Nimekusikia, mwanangu," halafu kabla ya neno lile lingine kuna sauti ya mwanamke, ya kwetu kabisa, ikisema karibu sana: "Mkamburi, panda gari! Mlango uko wazi, pasi unayo, unangoja nini?"

Mama anasema, "Nakuja." Mimi nilidhani ananiambia mimi, na Rozi nadhani naye alidhani anaambiwa yeye. Lakini simu hakuizima. Mlango wa gari unafungwa, magurudumu yanasaga changarawe, mlio unakwenda ukififia mpaka unabaki upepo peke yake na mama akipumua. Kisha kutoka mbali mtoto anaita, "Mariam! Ya Mariam!"

Na mama anaitika, "Naam."