Taa Nyekundu Kwenye Mbaazi za Mama Mkwe

Shamba lile nililipata mimi. Nasema hilo mapema kwa sababu kwenye kikao cha klabu lilishaanza kuitwa "eneo lililobainishwa na uongozi", na uongozi wetu haujawahi kubainisha hata choo.

Klabu yetu ya kutazama nyota hapa Babati ni watu wachache na darubini moja. Mjini giza limekwisha. Stendi inawaka, vituo vya mafuta vinawaka, na kwangu Bagara taa ya barabarani inamulika mpaka kwenye chandarua. Klabu ya Arusha wana shida hiyo hiyo kutuzidi, ila wao wana darubini kubwa. Tukakubaliana tutafute sehemu moja yenye giza, tuitumie wote. Mwenyekiti wetu akaanza kutaja milima ya mbali. Mimi nina mtoto anayenyonya. Mlima wa mbali maana yake mimi nimeshatoka kwenye klabu. Ndipo nikasema kuna shamba la mama mkwe wangu kule Nakwa, kilima kimeziba taa zote za mji, na mtoto ningemwacha ndani kwa bibi yake, akilia namsikia.

Wote wakapiga makofi. Kumbembeleza mwenye shamba ikawa kazi yangu peke yangu.

Mama mkwe alikataa. Alitaka kujua ni watu wazima gani wanaosimama shambani gizani bila kuiba wala kuroga. Nilikwenda, nikarudi, nikapukuchua naye mahindi mpaka vidole vikachubuka. Siku moja nikamweleza kwamba kuna sayari inayoonekana kama nyota, ina pete kuizunguka, na kwamba naye ataiona. Akakubali kwa sharti moja tu. Waje kwanza nyumbani jua likiwapo, wasalimie, wanywe chai, majirani wawaone sura. Ulikuwa msimu wa mavuno, mahindi yamelundikwa mashambani, na wezi walikuwa wameshapita kwa watu. Wakishaonekana mchana, alisema, usiku wakae mpaka wachoke wenyewe. Akaenda kuwatangazia wenzake kwenye jumuiya.

Sharti hilo nililiandika kwenye kundi la WhatsApp la klabu zote mbili. Nikampigia mwenyekiti pia. Akanijibu, "Hilo dogo mama, usijali."

Siku yenyewe tulipika makande sufuria kubwa, chai ikawa tayari. Majirani wawili watatu walifika kuwaona wageni. Jua likazama. Nilipiga simu, nikaambiwa wako njiani. Nilipopiga tena, haipatikani. Baadaye nilikuja kujua kwamba walikuwa wamekaa mjini wanakula samaki. Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba wageni wameshindwa kuja, waende wakalale. Makande tukafunika.

Nilikuwa namvalisha mtoto niliposikia filimbi ya majirani, ile ya kuitana wezi wakionekana.

Walikuwa wamepitia upande wa pili na Noah ya watu wa Arusha, moja kwa moja mpaka shambani, wakaipaki juu ya mbaazi zilizokuwa zinatoa maua. Watazama nyota hatutumii tochi nyeupe, kwa sababu jicho likishamulikwa linachukua muda mrefu kulizoea giza tena. Tunafunga tochi kwa nailoni nyekundu. Sasa jiweke kwenye nafasi ya jirani. Umeambiwa hakuna wageni. Unatoka nje, unaona vimwanga vyekundu vinatembea kimya kimya karibu na lundo la mahindi. Utafikiri nini?

Wanaume walishatoka na fimbo na mapanga. Nilikimbia na mtoto mgongoni, napiga kelele kwamba hao ni wageni wangu. Wageni wangu! Watu ambao hawajakanyaga hata mlango.

Mama mkwe akaja nyuma yangu na taa yake ya sola. Mwenyekiti, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akamnyooshea mkono.

"Mama, msiogope, sisi ni wanasayansi wa anga."

Mama mkwe hakuupokea. Aliinama, akazimulika mbaazi chini ya tairi.

"Wanasayansi hawaamkii?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa toa gari."

Nyota yenye pete hakuiona. Hakuna aliyemkaribisha kwenye darubini, wala yeye hakusubiri kukaribishwa.

Kesho yake mwenyekiti aliandika kwenye kundi kwamba eneo la Nakwa "limebainika kuwa na changamoto ya uelewa wa jamii". Nilisoma mara mbili. Uelewa gani? Mama yule alielewa kila kitu. Alielewa wezi, alielewa majirani, alielewa giza lake, akawapa njia ya kuingia ambayo mtoto wa darasa la pili angeifuata. Walishindwa kusema shikamoo kabla jua halijazama, halafu mjinga ni yeye.

Jioni mwenyekiti akanipigia niende kwa mama mkwe "kuweka mambo sawa", kwa kuwa mimi ni mkwe.

"Nenda mwenyewe," nikamwambia. "Nenda mchana, beba sukari, umwamkie."

Akasema ana kazi nyingi, na kwamba nyie wanawake mnaelewana wenyewe kwa wenyewe. Hajaenda. Ingekuwa safari ya bodaboda ya muda mfupi tu, na shamba lingefunguka, kwa maana mama mkwe mwenyewe aliniambia kinyongo chake kingeishia kwenye salamu.

Sasa wamepata kilima kingine, mbali, kwenye mawe, gari linalala huko. Juzi mwenyekiti kaniandikia kwamba nakaribishwa sana, ila mtoto nimwachie mtu.

Nimwachie nani? Anayenishikia mtoto ni yule bibi wa Nakwa. Nitamwendea na uso gani, nimwambie naomba unilelee mjukuu, nawafuata walioponda mbaazi zako na kusema huna uelewa?

Nimeliuliza swali hilo kwenye kundi, watu wa Arusha wakiona. Wamesoma wote.